Tawi Tupu

Kadi ya kamera yangu ina picha mia nne za ndege, na katika mia tatu na ushee ndege mwenyewe hayumo. Kuna tawi. Kuna tawi linalotikisika. Kuna ncha ya mkia pembeni, kama mgeni wa harusi aliyechomoka kwenye picha kwenda kuwahi soda. Mke wangu alizitazama zote, moja baada ya nyingine, kisha akauliza kwa upole, "Baba watoto, hii miti ni ya wapi?"

Kamera niliinunua Kariakoo, mtumba, pamoja na lenzi ya milimita 300. Muuzaji aliapa kwamba kwa lenzi ile ningehesabu manyoya ya mwewe akiwa angani. Hakuniambia kwamba lenzi inayomkuza mwewe hukuza pia mtetemo wa mikono ya mtu aliyekwisha kunywa kahawa vikombe vitatu. Wenye kazi yao wana kanuni: ukishika milimita 300 mkononi, spidi ya shata isishuke chini ya 1/300 ya sekunde, na ndege akiwa anaruka panda mpaka 1/2000. Mimi niliiacha kamera ijiamulie. Chini ya mwembe, kivulini, ikajiamulia 1/40. Shorewanda wangu wa kwanza alitoka kama uji wa ulezi.

Nikaona kosa ni la mwembe. Jumamosi nikadamkia Daraja la Salender, maji yamekupwa na matope yako wazi. Wakati wa kusi ukishapita, hapo huja vitwitwi wanaokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Nilijipa moyo kwamba kiumbe aliyetoka mbali hivyo atakuwa hoi. Wapi! Nilipopiga hatua moja, wao kumi. Nilipopiga mbili, wakahamia ng'ambo. Nikawafuata mpaka matope yakanifika magotini na kandambili moja ikabaki humo hadi leo.

Mzee mmoja alikuwa amechuchumaa akichimba chambo.

"Mwanangu, umepoteza nini?"

"Shikamoo mzee. Napiga picha ndege."

"Marahaba. Sasa mbona unawafukuza?"

Nyuma ya mgongo wake, hatua chache tu, vitwitwi wanne walikuwa wakidonoa matope bila wasiwasi wowote.

Siku ile nilirudi na picha mbili zenye ndege. Ya kwanza ni yangeyange, lakini kamera iliona matope meusi yamejaa kila mahali, ikaongeza mwanga, na yangeyange akaungua akawa shuka lililoanikwa. Nilitakiwa kuupunguza mwanga. Ya pili ni kunguru juu ya nguzo. Huyo nilitakiwa kumwongezea mwanga, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na anga jeupe. Sikumwongezea, akatoka doa la wino. Inaniuma, maana katika ndege wote wa Dar kunguru ndiye pekee anayekubali kupigwa picha. Babu zake waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 kula takataka, naye bado yuko kazini: nilipokuwa nikikagua picha yake, alibeba chapati yangu.

Basi nikahamia nyumbani, kwenye ua la mgomba anapokuja chozi kila asubuhi. Nilimpiga picha akiwa mweusi tii, nikamtangazia jirani kwamba nimegundua ndege mpya. Kumbe ule mng'ao wa chozi si rangi iliyopakwa. Ni mwanga unaochezea manyoya yake, na jua likiwa nyuma yake unabaki na kipande cha mkaa. Jirani hajasahau.

Nikakumbuka mzee wa chambo. Nikavaa shati la kijani, nikaweka kiti cha plastiki nyuma ya kanga zilizoanikwa, jua mgongoni, lenzi ikichungulia katikati ya kanga mbili. Nikatulia. Mtoto wa jirani alipita akasema, "Shikamoo, kanga." Sikuitikia. Binti yangu alikuwa kwenye kigoda kando ya kamba, anakula embe huku akichezea simu ya mama yake.

Chozi akaja. Hakwenda mgombani, alitua kwenye kamba, karibu kiasi cha kumgusa. Nikabonyeza, kamera ikakoroma tu. Lenzi yangu haioni kitu kilicho karibu kuliko mita moja na nusu. Nikaegemea nyuma kidogo. Nikaegemea tena. Kiti kina miguu minne, mimi nilikuwa nimebakisha miwili.

Picha ya binti yangu ni kali mno. Kila unyoya unahesabika, jicho lina nukta ya jua. Nyuma ya chozi, katika ukungu laini ambao nimeusaka miezi minne, kuna kitu cha kijani kimenyoosha matawi mawili juu. Wageni wakiuliza, mke wangu huwaambia ni mti.