Herufi Mbili kwa Bei ya Mbuzi Watatu

Kibodi zinazouzwa Embu na Meru bado zinafuata mpangilio wa Christopher Sholes, Mmarekani aliyehangaika na taipureta miaka ya 1870, na hakuna aliyempasha habari kwamba Kiembu kina irabu saba. Ndiyo maana mtu wa Runyenjes akitaka kuandika Kĩrĩnyaga huandika Kirinyaga, kisha humwachia msomaji kazi iliyobaki. Ĩ na ũ hazina kitufe. Dawa ya bure ipo, ya dakika tano, nami nitaitaja mahali ambapo haitakuharibia raha.

Anza kwa kuidharau kibodi uliyo nayo, maana utaunda yako mwenyewe. Chini ya vitufe vyake kuna utando wa mpira tu. Wewe unahitaji swichi, kila kitufe na yake. Cherry, kampuni ya Kijerumani, ilianza kuuza swichi za MX miaka ya 1980, na rangi zake zimegeuka madhehebu: nyekundu hushuka laini, kahawia hugota kidogo kidoleni ikiwa njiani, buluu hulia tak kwa kila herufi. Nunua buluu. Kuta za nyumba za kupanga ni nyembamba, na jirani ana haki ya kujua kwamba unafanya kazi.

Vipuri usiviulizie sokoni Gakoromone, utauziwa rimoti. Agiza China, au tuma mtu Luthuli Avenue kule Nairobi, mzigo uje na matatu. Wakati unasubiri usiandike hata barua. Mwandishi wa kweli haanzi kazi na vifaa duni.

Vikifika, usivifunge bado. Swichi zikitoka kiwandani hukwaruza, kwa hiyo utazifungua zote 61, moja moja, upake grisi kwa brashi ndogo ya mchoraji. Ni kazi ya kukesha, na hapa jiografia imetupendelea: Nyambene kuna miraa, Mbeere kuna muguka. Mla miraa ana nafasi nzuri zaidi, maana vijiti vyake havipukutiki. Kipande cha jani la muguka kikiingia ndani ya swichi, herufi hiyo itagoma hadi Pasaka. Alfajiri utagundua kwamba grisi imemeza nusu ya ule mlio wa buluu, jambo ambalo kila mjuzi angekuambia kabla. Nunua nyingine.

Sasa lehemu. Kila swichi inataka diodi yake, la sivyo ukibonyeza vitufe vitatu kwa pamoja kompyuta inaweza kuona cha nne ambacho hukukigusa. Fundi wa redio pale Makutano angekulehemia zote kabla ya chai ya saa nne, tena kwa unadhifu. Mkatae kwa heshima: "Asante fundi, wacha nijaribu mwenyewe." Kisha funga dirisha, moshi usipotee bure.

Utamu wenyewe uko kwenye programu. Utatumia QMK, ambayo ni huria na imeandikwa kwa lugha ya C, na ukiifungua utakutana na ukweli mchungu: kibodi haitumi herufi. Hutuma namba ya kitufe tu, na kompyuta ndiyo huamua ni herufi gani. Kwa hiyo kibodi yako ya thamani haiwezi kusema ĩ. Inaweza tu kudanganya. Ukishikilia i kwa zaidi ya milisekunde 200, itabonyeza Ctrl, Shift na U kwa niaba yako, iandike 0129, msimbo wa herufi hiyo, imalizie kwa nafasi, na Linux italeta ĩ bila kuuliza maswali. Ũ ni 0169. Kwenye Windows hila hiyo hugonga mwamba, hadi uongeze programu nyingine ya kuisaidia. Mwenye vidole vizito ataona ĩ zikimwagika hata kwenye Kiingereza; apandishe muda hadi 250, aushushe, aupandishe tena. Hapo wikendi imekwisha, na ripoti ya chama uliyotaka kuandika haijaanza.

(Linux tayari ina mpangilio wa Kikuyu, chini ya Kenya, na ĩ na ũ zimo. Hukusoma hapa.)

Ukishajivunia kibodi yako, mjomba wa Meru atakuja kuiona na kuuliza kofia ziko wapi. Wengi kwao huandika Kîmîîru, kwa kofia, si kwa kiwimbi kama cha ĩ: î ni 00EE, û ni 00FB, herufi ambazo Wafaransa pia wanazo. Usibishane naye kuhusu tahajia, chai itapoa. Tengeneza matabaka mawili, Embu na Meru, na kitufe cha kuhama ukiweke mahali pa Caps Lock, ambayo haijawahi kumsaidia mtu ila mwenye hasira. Kanuni ni rahisi: ukitoka Embu, ukivuka daraja la Thuci, bonyeza. Mchuka wa ng'ambo hiyo akikuuliza tabaka lake liko wapi, mwambie linakuja katika toleo lijalo, kisha panda matatu haraka.