Lunga juu, Lunga chini

Msambweni imehesabiwa ikahesabika. Tangu miaka ya 1980 watafiti wa kichocho wanakuja, wanaomba mkojo kwenye vichupa, wanaondoka na takwimu. Kazi njema, sikatai. Kijembe changu ni cha wanaobaki Diani, chini ya feni, wakiremba majedwali.

Mmoja nilimkuta na majedwali mia mbili ya programu ya takwimu ya SPSS, kila moja akilivuta safu kwa kipanya. Kisa? Safu ikibana, jina la Lunga Lunga huvunjika: Lunga juu, Lunga chini, mgeni adhani ni kaunti ndogo mbili. Msambweni nayo hukatwa mkia, "ni" ikabaki peke yake kama mwari aliyesahauliwa ukumbini. Akishamaliza, mkubwa wake ataka Kinango itangulie Matuga. Aanze upya!

Nikamwambia: mwanangu, programu hii ipo tangu 1968. Panga upana mara moja kwenye TableLook, kisha amri ya OUTPUT MODIFY iyavalishe yote sare, kama watoto wa shule. Hata programu mwenzake, Stata, ilileta amri ya collect mwaka 2021, kwa kazi hiyohiyo. Akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Mzee wangu," akasema taratibu, "mimi nalipwa kwa siku."

Nikanyamaza. Visima vilivyokauka Kinango viko jedwali la 187. Amevipaka buluu ya bahari, vinapendeza kweli.