Kitasa cha Kuzungusha au cha Kubonyeza? Mwongozo kwa Mwenye Sefu wa Kasulu na Kibondo

Maharage yakishauzwa, noti huingia katika kila nyumba ya Kasulu na Kibondo na kutafuta pa kulala. Nyingine hulala chini ya godoro, nyingine ndani ya debe la unga, nyingine kwenye mfuko wa koti la harusi. Mwenye nyumba anaamini mwizi hatafikiria kuangalia chini ya godoro. Mwizi ameshafikiria, na ndiko anakoanzia. Kwa hiyo ukiamua kununua sefu, umefanya vyema. Lililobaki ni kuchagua kitasa, na kazi hiyo inaanzia mbali na kitasa chenyewe.

Hatua ya 1: Anza na sakafu

Sefu ya kilo kumi na mbili isiyofungwa popote ni zawadi iliyokwisha kufungashwa. Mwizi hahitaji namba, anahitaji bodaboda tu. Ataipeleka porini, achukue shoka na nyundo, na awe na usiku mzima wa kuishughulikia.

Geuza sefu utazame chini na mgongoni: utaona matundu. Hayo ni ya bolti. Sakafu ikiwa ya zege, fundi atatoboa kwa drili na kuikaza. Sakafu ikiwa ya udongo, chimba, mwaga zege nene, acha likomae, ndipo ufunge. Usiifunge kwenye ukuta wa matofali mabichi, maana bolti itang'oka pamoja na tofali. Kama hujafanya hivi, hakuna kitasa duniani kitakachokusaidia.

Hatua ya 2: Vijue vitasa vyote viwili

Kitasa cha kuzungusha kina gurudumu lenye namba kuanzia 0 hadi 99. Nyuma yake kuna visahani vya chuma, mara nyingi vitatu, na kila kimoja kina pengo. Kwa vitasa vingi unazungusha kushoto mpaka namba ya kwanza ifike kwenye alama mara nne, kulia ya pili mara tatu, kushoto ya tatu mara mbili, kisha kulia mpaka gurudumu ligome. Mapengo yamekaa mstari mmoja, kipande cha chuma kimetumbukia, na komeo linarudi nyuma. Hakina betri wala waya. Kikitunzwa, mjukuu wako atakikuta kinafanya kazi. Ila hakina subira: ukipitiliza namba kidogo, unaanza upya, hata kama mgonjwa yuko mlangoni anasubiri nauli ya hospitali.

Kitasa cha kubonyeza kina vitufe. Ukiweka namba sahihi, mota ndogo au sumaku ya umeme huachia komeo. Tarakimu sita zinatoa michanganyiko 1,000,000, na ukikosea mara kadhaa vitasa vingi hugoma kwa dakika chache. Wengi hukihofia kwa sababu ya umeme kukatika. Hofu hiyo ondoa: kinatumia betri, na TANESCO hawahusiki. Hata miaka ya majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa kufika huku, kingefanya kazi vilevile.

Hofu ya kweli ni betri yenyewe. Nunua za alkalini, kwa sababu zile za bei ya chini huvuja na kula vyuma vya ndani. Zibadilishe mapema, kabla hazijaanza kulalamika. Sefu nyingi za bei nafuu huja pia na ufunguo wa dharura. Ufunguo huo usiuweke ndani ya sefu. Watu huuweka humo, na siku betri zinapokufa ndipo wanapoelewa. Jua pia kwamba tundu la ufunguo huo ndilo sehemu dhaifu ya sefu hizo. Afadhali kitasa kinachokuruhusu kugusisha betri ya volti 9 kwa nje kikiishiwa nguvu.

Hatua ya 3: Pima maisha yako

Mwenye duka anayefungua sefu kila mteja anapotaka chenji achukue vitufe. Mzee anayetunza hati ya shamba, vyeti vya watoto na hereni za marehemu mama, na anayefungua mara moja kwa mwezi, achukue cha kuzungusha. Kama macho yamepungua au mkono unatetemeka, chukua vitufe hata kama unafungua mara moja kwa mwaka, kwa kuwa kusoma mistari ya gurudumu kwa mwanga wa tochi ni kazi ya vijana.

Kabla ya kulipa, muulize muuzaji swali moja: kitasa kikigoma, fundi yuko wapi? Akijibu Dar es Salaam, jumlisha nauli ya fundi kwenye bei ya sefu. Cha vitufe unaweza kukibadilisha namba mwenyewe kwa dakika chache. Cha kuzungusha kinadai kifaa chake na mkono unaojua.

Hatua ya 4: Chagua namba kama mtu anayewindwa

Mwanafizikia Richard Feynman alikuwa Los Alamos, Marekani, bomu la atomu lilipokuwa likitengenezwa. Alifungua makabati ya siri za bomu kwa kubahatisha 27-18-28, tarakimu za mwanzo za namba ambayo kila mwanahisabati anaijua. Baadaye alielezwa kwamba vitasa vingine vilikuwa bado na namba za kiwandani, kama 25-0-25. Ikiwa watunza siri za bomu walizembea hivyo, wewe badilisha namba ya kiwandani siku ileile. Usitumie mwaka wa kuzaliwa. Usitumie tarakimu za mwisho za simu yako, kwa sababu kijiji kizima kinazijua kwa kukutumia pesa.

Hatua ya 5: Usiwe na siri peke yako

Hapa walimu wetu ni akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa. Sanduku lao lina kufuli tatu, funguo tatu ziko kwa watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Vikundi vya namna hiyo vilianzia Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na leo vinatambuliwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Kufuli zao ni za dukani tu. Kinacholinda fedha ni kwamba hakuna anayefungua peke yake, na hakuna anayeweza kufa na funguo zote.

Nyumbani fanya vivyo hivyo. Mwenzi wako ajue namba, au nusu awe nayo yeye na nusu mtu mwingine mnayemwamini. Baba akifariki na namba kichwani, familia itaita fundi wa grinda, na cheche za grinda hazijui hati ni ipi.

Hatua ya 6: Chagua cha kuweka ndani

Mvua za huku ni ndefu na sefu hushika unyevu, kwa hiyo hati zitie kwenye mfuko wa plastiki. Chuma kitupu hakizuii moto kuunguza karatasi. Tafuta sefu iliyopimwa kwa moto, yenye muda wake umeandikwa. Na usizike noti. Benki Kuu ilitoa muda wa 6 Januari hadi 5 Aprili 2025 kubadilisha noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003. Sefu yenye noti hizo isiyofunguliwa kipindi hicho ililinda karatasi tu. Fedha isiyo ya matumizi ya karibu mahali pake ni benki.

Uamuzi wangu ni huu: dukani weka vitufe, nyumbani weka cha kuzungusha kama macho na mkono vinaruhusu, na vyote vifungwe kwenye zege. Namba wajue watu wawili. Kama leo ni wewe peke yako unayeijua, mwambie mwenzako usiku huu kabla hamjalala.