Hongereni kwa Kulinusuru Jua

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa, Gigiri, Nairobi.

Pokeeni pongezi zetu. Mwaka 2019 Uswisi iliwaletea hoja kuhusu mbinu za kupunguza miale ya jua, mkabishana, ikaondolewa. Februari 2024 ikaileta tena, ikaondolewa tena. Jua limeponea chupuchupu mara mbili, nasi tunaoanika dagaa tunashukuru.

Hata hivyo, mpango wenyewe ni mtamu kwa yeyote asiyetaka kufunga kisima chake cha mafuta. Ndege zinapanda juu kabisa ya mawingu, zinamwaga salfa, utando unarudisha sehemu ya mwanga angani, dunia inapoa. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulishaonyesha njia: ulilipuka 1991, joto la dunia likashuka kwa takriban nusu digrii. Baada ya mwaka mmoja au miwili hivi, salfa ikaanguka, joto likarudi kazini. Hao marubani basi hawatastaafu, maana hewa ukaa hudumu angani karne kwa karne, na siku bajeti ya ndege itakapokatwa, joto lote lililozuiwa litatuangukia kwa mkupuo. Bahari nayo itazidi kuwa na tindikali, jua likipunguzwa lisipunguzwe. Moshi umejaa jikoni, kuni hazichomolewi, tunauziwa miwani.

Na kuuziwa si mzaha. Mwaka 2022 mwanzilishi wa kampuni ya Kimarekani, Make Sunsets, alirusha maputo ya salfa nchini Mexico bila kuomba ruhusa, kisha kampuni ikauza hati za kupoza dunia. Januari 2023 Mexico ikatangaza marufuku.

Swali dogo tu: swichi ya jua ikishafungwa, nani ataishika? Masika yetu yakihama, tumshitaki nani? Mawaziri wa mazingira wa Afrika walikutana Addis Ababa mwaka 2023, wakataka dunia ikubaliane kutoitumia mbinu hiyo. Lakini Afrika, kama kawaida, haielewi sayansi. Inaelewa njaa tu.

Subira yenu tunaijua. Ndugu zenu wa mikutano ya tabianchi walihitaji vikao 28, cha mwisho kikiongozwa na bosi wa kampuni ya mafuta, hadi kuandika kwamba dunia iondokane na nishati za kisukuku. Tarehe ya kufunga visima hawakuiandika.

Wiki chache baada ya kikao chenu cha 2024, Mto Mathare, si mbali na Gigiri, ulifurika ukasomba nyumba na watu. Mkikutana tena, wekeni mezani hiyo tarehe ya kufunga, mkianza na mitambo ya makaa ya mawe ya matajiri.

Wasalaam,
Mkazi wa bondeni