Mpishe Mzee Kwanza, Lakini Aende Wapi?

Kwa Waheshimiwa wa Serikali za Mitaa, mjini na vijijini.

YAH: SHUKRANI ZA WAZEE WA MOSHONO KWA KUPISHWA

Husikeni na kichwa cha barua hapo juu.

Wazee wa Moshono, pembezoni mwa Jiji la Arusha, kwa heshima na taadhima wanaleta shukrani. Tangu bango la "Mpishe Mzee Kwanza" libandikwe kwenye zahanati na vituo vya afya nchini, kijana gani atathubutu kumtangulia mzee? Mzee anaingia kwa daktari wa kwanza, anapimwa presha wa kwanza, anaandikiwa dawa wa kwanza, na siku ambayo kabati ni tupu anakuwa wa kwanza kuambiwa akanunue nje. Walio nyuma yake husubiri hadi saa saba mchana ndipo waipate habari hiyo hiyo. Kwa kuokoa muda, kauli mbiu hii haina mpinzani.

Matibabu yenyewe ni bure. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi hivyo kwa mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Kuna sharti dogo tu: mzee athibitishe kwamba hajiwezi. Kazi hiyo inataka mtu anayejiweza sawasawa. Atembee hadi kwa mtendaji, akute mtendaji yuko kikaoni, arudi kesho, apigwe picha za pasipoti kwa fedha zake, kisha afuatilie. Akifanikiwa kumaliza mzunguko huo kwa miguu yake, kuna hatari mkamwona bado ana nguvu.

Halafu linakuja suala la umri. Wazee wengi walizaliwa nyumbani, kwenye migomba, na aliyewapokea hakuwa na daftari. Lakini miongoni mwa Waarusha umri wa mtu haujawahi kuwa siri. Mzee wa rika la Seuri anajulikana na kila mtu: nchi inapata Uhuru, wenzake walikuwa morani. Ukikaa naye dakika tano atakutajia nani alitahiriwa naye, nani amebaki na nani amezikwa wapi. Ushahidi wote huo, wenye mashahidi hai, hauna thamani mbele ya karani anayetaka cheti. Na akipelekwa kwenye mashine ya alama za vidole, kidole gumba kilichoshika jembe miaka hamsini hakisomeki. Anaambiwa akifute. Anakifuta kwenye shuka. Anakiweka tena, mashine inakataa tena, na foleni yote inamwangalia kana kwamba ameiba kidole cha mtu.

Kwenye kodi ya majengo, kwa bahati nzuri, mzee amekumbukwa. Nyumba anayoishi mwenyewe, kama hana kipato, inasamehewa. Ila tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye umeme wa LUKU, na mita haiulizi umri. Mjukuu anaingiza zile tarakimu 20, uniti zinaingia pungufu, na mzee anayetaka msamaha wake inabidi apande kifodi kwenda mjini kuufuata ofisini. Kwa nauli ya kwenda na kurudi hadi faili lipatikane, msamaha unaanza kumgharimu kuliko kodi.

Lakini waheshimiwa, kipaji chenu halisi kipo kwenye hesabu. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jumlisheni wenyewe: kumi imetimia na mzee hayumo. Bibi anaweza kujibanza kwenye kikundi cha akina mama, kama watamkubali. Babu mwenye ng'ombe mmoja wa maziwa na kipande cha migomba ambacho bado hakijageuzwa viwanja, ajifanye kijana, au asubiri magoti yammalize ahamie kwenye ile asilimia 2. Na sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu watu wa miaka 60 na zaidi wapatao milioni 3.5. Kuhesabiwa, tunakiri, walihesabiwa.

Pensheni? Aliyeajiriwa ana mfuko wake. Aliyelima kahawa na mahindi maisha yake yote ana watoto, kama wanapokea simu. Zanzibar ilianza kuwalipa wazee wote wa miaka 70 na kuendelea Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi, na baadaye ikapandisha hadi 50,000. Kenya ina Inua Jamii, shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wenye umri huo. Mpaka wa Namanga hauko mbali na Arusha, na wazee wa Moshono wanauliza kwa unyenyekevu kama mnawashauri wavuke mpaka au wapande boti. Sera iliyowaahidi mengi ilitimiza miaka 20 mwaka 2023 bila sheria ya wazee ya kuisimamia. Wakiuliza, wanajibiwa kuwa suala liko kwenye mchakato. Mchakato huo ungekuwa binadamu, nao ungekuwa unakaribia kudai kupishwa foleni.

Msidhani watu wa chini ya Mlima Meru hawajui kudai. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, mwaka uliofuata mwakilishi wao Kirilo Japhet alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kupeleka malalamiko yao. Haisemwi popote kwamba huko alitakiwa kwanza alete barua ya mtendaji.

Wazee hawaombi New York. Kabla ya Oktoba mosi ijayo, Siku ya Wazee, kabla mahema hayajakodiwa na mgeni rasmi hajaalikwa, pelekeni dawa za presha na sukari kwenye dirisha la wazee. Mtendaji achukue daftari lake awafuate majumbani, akiwa na mzee wa rika kama shahidi wa umri. Na madiwani wapitishe azimio la kutaka wazee waingizwe kwenye ile asilimia 10, walipeleke Dodoma. Fulana za maadhimisho safari hii bakini nazo.