Mbuzi wa Mchezaji Bora

Ukitaka kujua nani anakuchukia ofisini, kaa kwenye kamati ya kuchagua mchezaji bora wa bonanza. Mimi ni mjumbe wa kudumu wa kamati hiyo katika ligi yetu ya maveterani, inayochezwa Jumapili jioni kwenye uwanja wa vumbi upande wa Nkuhungu, hapa Dodoma. Sikuchaguliwa. Goti lilinitoa uwanjani, wenzangu wakaona mtu asiyeweza kukimbia hawezi pia kukimbia lawama.

Wenzetu wa Ligi Kuu wana mabao ya kuhesabu. Nako hesabu huwa inagoma: msimu wa 2022/23 Fiston Mayele wa Yanga na Saidi Ntibazonkiza wa Simba walimaliza na mabao 17 kila mmoja, na vijiwe vya kahawa havikulala. Sisi refa wetu anaandika mabao kwa kalamu kwenye kiganja, na kipindi cha pili kikifika jasho limeshafuta nusu ya matokeo. Halafu kuna upepo. Mwezi wa nane ukivuma, goli la upande wa pili halionekani kabisa. Unasikia tu kishindo na kelele za "Goooo!", na vumbi linapotulia unakuta watu wanne wanashangilia kama wafungaji, mmoja wao ni mshika kibendera.

Hapo ndipo wajumbe tunapoulizana nani bora. Na mimi hujitetea kwa kuwakumbusha kwamba hata wakubwa wanababaika. Mwaka 2002 Oliver Kahn alipewa tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia, na kwenye fainali hiyohiyo aliutema mpira miguuni mwa Ronaldo, Brazil wakapata bao. Mwaka 2006 akapewa Zinedine Zidane, aliyetolewa fainali kwa kadi nyekundu baada ya kumpiga mtu kichwa cha kifua. Kwetu kichwa cha namna ile kingekupeleka kwa afisa utumishi Jumatatu asubuhi.

Tatizo letu kubwa ni bosi. Mkurugenzi mmoja alikuwa akiingia dakika za mwisho, soksi nyeupe pee, kitambi kikitangulia kupokea pasi. Mabeki walikuwa wanampisha kama msafara wa viongozi. Kipa alianguka upande wa kushoto wakati mpira unajikokota kulia, akabaki chini akiusindikiza kwa macho. Mjumbe mmoja akapendekeza kwa sauti ya chini kwamba bao lile lilikuwa "la kiufundi". Tukalijadili kwa muda mrefu, maana sote tulikuwa na maombi ya likizo mezani kwake.

Lakini aliyekuja kuvuruga kila kitu ni mbuzi. Ndiye zawadi. Mweka hazina humnunua Jumamosi kwenye mnada wa Msalato, Jumapili anafungwa kwenye mkwaju karibu na uwanja. Ukisikia "mshindi anapata mbuzi" unaona neema. Subiri. Desturi ya ligi yetu ni kwamba mbuzi analiwa na wote, tena kwa mshindi, na mshindi ndiye anayenunua mkaa, ndizi, ndimu, pilipili na soda za timu mbili, pamoja na watazamaji ambao siku hiyo huongezeka kwa namna ya kutia shaka. Mhasibu wetu alipiga hesabu akagundua kwamba kuwa bora kunagharimu kuliko kununua mbuzi wawili.

Tangu hapo sijawahi kuona watu wanyenyekevu kama maveterani wa Nkuhungu. Kampeni zikageuka. "Mimi? Mimi nilikuwa naotea muda wote, mheshimiwa mjumbe." Namba tisa wetu, aliyekuwa akidai kwamba Dodoma Jiji walimkosa kwa bahati mbaya tu, alinivuta pembeni akaniapia kwamba mabao yake yote matatu yalimgonga tu. Mke wake alinipigia simu usiku kuthibitisha kwamba mumewe haoni vizuri.

Suluhisho lililetwa na Serikali. Baada ya tamko la Rais Magufuli la Julai 2016 kwamba wizara zihamie hapa, kila msimu tulikuwa tunapata mgeni kutoka Dar es Salaam, mtu mpole, bado anashangaa baridi ya asubuhi, hajui desturi. Kamati ikawa inafikia mwafaka kwa dakika mbili. Mgeni anaitwa mbele, anapigiwa makofi, anakabidhiwa kamba, na jioni anaelezwa kuhusu soda.

Mambo yalikwenda vizuri mpaka msimu uliopita, alipokuja fundi sanifu mmoja, beki wa kulia asiye na mbio wala pasi. Akaitwa, akapokea kamba, akatushukuru huku akilengwalengwa na machozi. Tukaenda nyumbani kuoga. Tulipofika kwake na njaa zetu, geti limefungwa. Alituchungulia juu ya ukuta akasema mbuzi ni jike, tena ana mimba, kwao hawachinji mbuzi mwenye mimba, karibuni chai.

Sasa ana mbuzi watatu, na maziwa anamuuzia mweka hazina. Juzi amekuja kwangu na chupa moja ya bure, akitaka kujua utaratibu wa kutetea tuzo.