Karibu Pwani ya Malkia

Anayedhani pwani ya Kenya ni Mombasa na Lamu peke yake hajafika Homa Bay. Huku nako kuna ufuo, mashua na turathi za mkoloni tele, ingawa ngome ya Wareno hatuna, mtuwie radhi.

Anza na ziwa lenyewe. Waluo hulijua kama Nam Lolwe. Mwaka 1858 mpelelezi Mwingereza Speke akaliona kutoka upande wa Mwanza, akalitunuku jina la Malkia Victoria, ambaye hakuwahi kuchovya hata kidole cha mguu humo. Uhuru ulikuja 1963; naona ziwa halikupewa taarifa.

Ukiona njaa, agiza samaki aitwaye mbuta. Naye ni mgeni wa serikali ya kikoloni, aliyetiwa ziwani miaka ya 1950, akawageuza fulu, samaki wetu wadogo wa asili, kuwa kitoweo chake. Siku hizi minofu yake hupanda ndege kwenda Ulaya, sisi wenyeji tunaachiwa mgongo wazi, yaani mifupa, tunakaanga tukisifu mchuzi.

Ukishiba, teremka Muhuru Bay, Migori, uvuke hadi Migingo, mwamba usiofika hata ekari moja, uliojaa mabati na bendera za ugomvi. Ugomvi ni wa Kenya na Uganda, na mpaka ni ule wa amri ya Waingereza ya 1926. Mwaka 2009 Rais Museveni wa Uganda alikiri kuwa kisiwa ni cha Kenya, ila maji yanayokizunguka ni ya Uganda. Basi mvuvi akilala yuko Kenya. Akiinama kunawa uso, keshavuka mpaka. Beba pasipoti, na sabuni.